Bondia wa Bukoba na Tabibu wa Bugando

Mtu apigwapo ngumi ya kichwa hata mshipa mdogo ulio baina ya ubongo na utando wake ukakatika, si lazima azimie papo hapo kama watazamaji wadhanivyo. Huweza kusimama, kumpa mkono mwenziwe, kuvua glovu, kupokea ujira wake na kurudi nyumbani kwa bodaboda akilalamika kwamba kichwa kinamgonga kidogo, na jamaa zake, kwa huruma isiyo na elimu, wakampa vidonge viwili vya maumivu na kumwambia alale. Damu nayo hailali. Hujikusanya chini ya fuvu, ambalo ni mfupa usiotanuka, ikausukuma ubongo upande, usemi ukawa mzito, matapishi yakaanza, na mboni ya jicho moja ikawa pana kuliko ya pili. Mwaka 1981 matabibu wa Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa 82 wa damu ya namna hiyo: waliopasuliwa kabla ya saa nne kupita walikufa 3 katika kila 10, na waliocheleweshwa zaidi walikufa 9 katika kila 10. Hawakuwa mabondia, lakini fuvu ni fuvu.

Basi msomaji wa Kibeta, wa Kashai au wa Muleba na apime mwenyewe. Hospitali hatukunyimwa: ya rufaa ya mkoa ipo mjini Bukoba, na upande wa Muleba zipo Rubya, Kagondo na Ndolage, ambazo wazee wetu walizijua tangu zama za wamisionari. Ila kupasua kichwa ni kazi ya tabibu bingwa wa ubongo, na kimbilio kuu la Kanda ya Ziwa kwa maradhi kama hayo ni Bugando, Mwanza. Meli huondoka Bukoba usiku ikafika alfajiri. Barabara ya Biharamulo na Geita ni safari ya kilomita 400 hivi, na ijapokuwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea adha ya kungoja kivuko, gari la wagonjwa halitafika Mwanza kabla ya muda ule wa saa nne kwisha. Maadamu hali ni hiyo, kibali cha pambano la ngumi za kulipwa Bukoba hakiwezi kuwa karatasi ile ile itolewayo kwa ukumbi wa Dar es Salaam ulio jirani na Muhimbili. Na hilo ndilo jambo ambalo warekebishaji wa mchezo huu, kwa kadiri niwasikiavyo, hawalitaji.

Insafu yataka tukiri kwamba mambo yamekwisha kutengenea kuliko zamani. Kwa miaka mingi ngumi za kulipwa nchini zilikuwa na wasimamizi wengi kwa wakati mmoja, TPBC, TPBO na PST, kila mmoja akitoa vibali na mikanda yake, hivyo promota aliyekataliwa mlango mmoja alibisha wa pili. Mpaka serikali, katika uwaziri wa Dk. Harrison Mwakyembe, ilipowakusanya chini ya kamisheni moja, TPBRC. Kamisheni hiyo ina meno. Julai 2023 Karim Mandonga, ambaye kwa maneno yake amejaza kumbi nyingi kuliko wengine kwa ngumi zao, alishindwa na Daniel Wanyonyi jijini Nairobi, na baada ya juma moja tu akapanda ulingo wa Mwanza kupigana na Moses Golola wa Uganda, akashindwa tena. Kamisheni ikamsimamisha hadi afya yake ichunguzwe. Walifanya vyema, lakini walikuja baada ya ngumi za pili, ilhali mahali pa kumzuia palikuwa kabla ya kengele. Kisha mwishoni mwa Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki baada ya pambano Dar es Salaam kwenyewe. Ikiwa mauti hutokea katika mji wenye hospitali ya taifa, sisi wa ng'ambo ya ziwa tunajiamini kwa lipi?

Waingereza, ambao bodi yao ya ngumi iliundwa mwaka 1929, nao walijiamini. Usiku wa tarehe 21 Septemba 1991, London, Michael Watson alipambana na Chris Eubank, pambano likasimamishwa raundi ya 12, naye Watson akaanguka. Dakika zilipita ulingoni bila ya mtu kumtia hewa kwa vyombo. Akapelekwa hospitali isiyokuwa na kitengo cha upasuaji wa ubongo, akahamishiwa nyingine. Akakaa katika usingizi wa mauti siku 40. Alipopata fahamu aliishtaki bodi, si mpinzani wake wala promota, na hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuijibu: mwenye kuweka sharti zote za mchezo ndiye mwenye dhamana ya sharti aliyosahau kuiweka. Mahakama ilimpa haki mwaka 1999, rufaa ikakataliwa mwaka 2000, na bodi ikauza jumba la ofisi zake ili ilipe. Sina yakini kama kuna kamisheni ya Afrika Mashariki ambayo imekwisha kuisoma hukumu ile kwa makini, nami ningependa waisome kabla mwanasheria wa bondia mmoja hajawasomea.

Wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku. Zanzibar ilijaribu: mchezo ulizuiwa tangu zama za Rais Abeid Amani Karume, ukaruhusiwa tena katika zama za Rais Hussein Mwinyi, na katika muda huo wote vijana wenye kuutaka walivuka bahari kuufuata. Huku kwetu Kagera ngumi zina kumbukumbu ya ajabu zaidi, kwani Idi Amin, aliyekuwa bingwa wa ngumi wa Uganda kabla ya kuwa msiba wetu, alitangaza wakati wa vita kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Mwalimu hakumjibu kwa glovu.

Nionavyo, sharti ya kwanza Bukoba ingekuwa fedha: promota aweke amana, kabla hajabandika bango hata moja, itakayotosha gari la wagonjwa lenye oksijeni na tabibu ndani yake, na gharama ya kumsafirisha majeruhi. Pambano liwe la mchana, ili ndege ya kumpeleka Mwanza ipatikane, na raundi ziwe chache. Si aibu kupunguza, kwani dunia nzima ilishuka kutoka 15 hadi 12 baada ya Duk Koo Kim wa Korea kufa Novemba 1982 kwa mapigo ya Las Vegas. Upimaji wa uzito ufanywe mbele ya tabibu, kwa kuwa kijana aliyejinyima maji siku mbili ili apungue kilo tatu huingia ulingoni na mwili uliokauka. Na tabibu huyo alipwe na kamisheni, asilipwe na promota, maana aliyekula mkononi mwa mtu huona tabu kumfungia ukumbi.

Mapromota watalia kwamba kwa gharama hizo hakutakuwa na mapambano Kagera ila mawili kwa mwaka. Huenda ni kweli, na mawili yanatosha.

Limebaki la mpakani. Bondia aliyepigwa KO Kampala usiku wa Jumamosi huweza kupanda basi, akavuka Mutukula Jumapili, na Jumamosi ya pili akapigana Bukoba kwa jina lile lile. Mutukula ataulizwa kadi ya homa ya manjano. Hataulizwa lini alianguka mara ya mwisho, kwa sababu hakuna daftari ambalo kamisheni za Tanzania, Uganda na Kenya hulijaza kwa pamoja, likamfuata bondia aendako, na mwamuzi akalifungua kabla ya kumpimia glovu; nalo lingehitaji barua tatu tu kulianzisha, moja kutoka kila nchi.