Ebola ya Kivu Kaskazini na orodha ya majina

Tarehe 1 Agosti 2018 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola huko Mangina, mji mdogo ulio kilomita kama 30 kutoka Beni. Hadi ulipotangazwa kwisha, karibu miaka miwili baadaye, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287 kati yao. Ni mlipuko wa Afrika Magharibi pekee, wa 2014 hadi 2016, uliowahi kuuzidi kwa ukubwa.

Ebola huenea kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi au majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa, na kabla ya hapo mtu hamwambukizi mwenzake. Juu ya hesabu hiyo ndipo ufuatiliaji wote umejengwa. Mgonjwa akithibitishwa, yeye au ndugu zake huulizwa: nani alimuuguza, nani alimfulia mashuka, alipanda pikipiki ya nani, alipita zahanati gani kabla ya kuletwa? Kila jina huandikwa. Kwa siku 21 mfululizo mhudumu hufika nyumbani kwa kila aliyeandikwa, husimama hatua chache mbali naye, humwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso bila kumgusa, na humuuliza kama anahara au anasikia uchovu. Anayeanza kuumwa hupelekwa kupimwa mara moja, kwa kuwa homa ya kwanza ya Ebola haina tofauti na ya malaria.

Orodha hiyohiyo iliongoza chanjo. Walichanjwa waliomkaribia mgonjwa, kisha waliokaribiana na hao, pamoja na wahudumu wa afya, mpaka virusi vikose pa kupita. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kwa njia hiyo, kwa dawa inayopaswa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, katika eneo lenye barabara mbovu na vita.

Watu wengi hutazama idadi ya wagonjwa wa siku, lakini namba inayoeleza zaidi ni nyingine: kati ya wagonjwa wapya, wangapi walikuwa tayari kwenye orodha? Aliyekuwemo anajulikana ameambukizwa na nani, na waliomzunguka wanajulikana. Asiyekuwemo anaashiria kwamba yuko mtu aliyemwambukiza ambaye hajapatikana, na huenda huyo ameambukiza wengine. Mwanzoni mwa 2019, huko Katwa na Butembo, wengi hawakuwemo. Baadhi waligunduliwa baada ya kufia nyumbani, jamaa wakiwa wameshawaosha.

Chanzo cha majina kukosekana kwenye orodha hakikuwa ujinga, kama ilivyosemwa mara nyingi. Watu wa Beni walikuwa wameshuhudia mauaji ya raia kwa miaka, na hawakuona dunia ikiwajia mbio. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, na hasira ikaiangukia Riposte, kama wenyeji walivyokiita kikosi cha kupambana na ugonjwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Ni vigumu mtu kutaja jina la shemeji yake mbele ya wageni wanaosindikizwa na askari.

Mambo yalibadilika polepole, kazi ilipozidi kuwa mikononi mwa wenyeji. Waliopona, ambao miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kuwabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Agosti 2019 majaribio yaliyoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, mmoja wa wachunguzi wa mlipuko wa Yambuku wa 1976, yalionyesha kuwa dawa mbili kati ya nne zilizojaribiwa zilipunguza vifo. Kwa wagonjwa waliowahi na kupewa dawa hizo, virusi vikiwa bado vichache mwilini, alikufa takriban mmoja kati ya kumi. Sasa kuwahi kituoni kulikuwa na faida ambayo jirani aliweza kuiona kwa macho.

Mlipuko huhesabiwa umekwisha zikipita siku 42, yaani mara mbili ya siku 21, bila mgonjwa mpya tangu wa mwisho alipopona au kuzikwa. Aprili 2020 zilibaki siku chache tu kutangaza. Tarehe 10, siku 52 tangu mgonjwa wa mwisho agunduliwe, alipatikana mwingine Beni, na orodha ikafunguliwa upya. Tangazo la mwisho lilitolewa tarehe 25 Juni.