Mlango wa Tovuti Unapokataa Kufunguka



Siku hizi vikundi kadhaa huungana na kuweka programu moja ya WordPress kwenye seva moja, kisha kila kikundi kinapata tovuti yake humo humo. Mpango huu umekuwa ndani ya WordPress tangu 2010. Ni kama jengo moja lenye vyumba vingi: jengo ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango wake.

Tuseme mkutano wa mwaka uko karibu, na mweka hazina anataka kuonyesha mahesabu kwenye tovuti. Anaandika jina na neno la siri, yote ni sawa, lakini mlango unakataa. Mara anaambiwa kuki zimezuiwa, mara anarudishwa pale pale bila kuelezwa lolote. Siku ya pili hivyo hivyo. Watu wanaanza kunong'ona, ati anaficha pesa. Kumbe mama wa watu hana kosa!

KUKI NI NINI?

Ni maandishi mafupi ambayo tovuti hukabidhi kivinjari chako. Zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa Netscape. Ifikirie kuki kama tikiti ya basi. Ukishaingia unapewa tikiti, na kila ukurasa unaofungua, kivinjari kinaionyesha. Kwenye WordPress tikiti hii hudumu siku 2, au siku 14 ukichagua kukumbukwa.

Tikiti ina jina la tovuti. Ikiandikwa jina la tovuti nyingine, kivinjari kinaikataa. Hapo ndipo shida nyingi za tovuti za pamoja hutokea.

FANYENI HIVI

1. Jaribuni simu au kompyuta nyingine. Ikikubali huko, shida ni kivinjari chenu. Ruhusuni kuki, futeni zile za zamani za tovuti hiyo, kisha jaribuni tena.

2. Angalieni anwani. Yenye www na isiyo na www ni majina mawili. Tumieni ile iliyowekwa kwenye mipangilio ya tovuti.

3. Ulizeni vikundi vingine. Kama wao wanaingia, na ninyi mna jina lenu la pekee la intaneti, fundi afungue faili la wp-config.php atafute neno COOKIE_DOMAIN. Likitaja tovuti kuu peke yake, tikiti haifai mlango wenu. Auondoe mstari huo, au aandike:

define('COOKIE_DOMAIN', $_SERVER['HTTP_HOST']);

Tangu toleo la 4.5, mwaka 2016, WordPress huweza kuipa kila tovuti jina lake bila programu ya ziada. Kama zamani mlitumia programu kama hiyo, fundi aangalie pia faili la sunrise.php. Huenda maagizo ya zamani yamebaki humo.

4. Kama wote wamefungiwa nje, fundi atazame mwanzo kabisa wa wp-config.php. Kuki lazima itumwe kabla ya maandishi ya ukurasa. Nafasi moja tupu mbele ya <?php inatosha kuharibu kila kitu! Ikiwa hakuna nafasi, azime programu-jalizi zote, kisha aziwashe moja moja mpaka mkosaji ajulikane.

TAHADHARI

Kabla ya kugusa faili lolote, wekeni nakala yake. Msimpe kila kijana wa saiba neno lenu la siri kwa sababu ya haraka. Chagueni fundi mmoja, na wanachama wawili wakae naye akifanya kazi. Mkitumia kompyuta ya watu wengi, tokeni kabisa kwenye tovuti kabla ya kuondoka.

JADILIANENI KATIKA KIKUNDI

– Ni nani kati yetu anayejua nakala za tovuti ziko wapi?
– Tovuti ikifungwa wiki nzima, wanachama wataonaje mahesabu?

Daftari la mweka hazina lisitupwe. Mlango wa kompyuta ukikataa, karatasi iliyobandikwa ukutani bado inasomeka.