Safu ya Viporo

Katika banda moja la kuonyeshea mpira hapa Kamsamba, umeegemezwa ukutani ubao uliokolezwa weusi kwa makaa ya betri zilizokwisha, yaliyotwangwa pamoja na majani ya matembele kama walivyokuwa wakifanya walimu wetu. Na juu yake mwenye banda, kwa chaki na kwa mwandiko wa taadhima, anapiga mistari ya Ligi Kuu ya 2025/26, timu 16, michezo 30 kwa kila timu. Lililonishika ni ile safu pana ya mkono wa kulia, iliyoachwa tupu makusudi, ambayo kichwani mwake imeandikwa: VIPORO, yaani michezo iliyoahirishwa.

Zamani, asema, safu hiyo ilikuwa nyembamba. Lakini tarehe 8 Machi 2025, siku ya Yanga na Simba, wateja walikwisha kuvuka Mto Momba kutoka Kilyamatundu, upande wa Rukwa, wengine kwa bodaboda za kukodi, na mafuta ya jenereta yamekwisha kununuliwa, ndipo ikaja habari kwamba mchezo umeahirishwa. Kiingilio alikirudisha chote. Nauli hakuwa na uwezo wa kuirudisha. Mchezo ulipochezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2–0 na kutwaa ubingwa wa nne mfululizo, aghalabu ya wateja wale walikuwa mashambani wakimalizia mpunga.

“Kifurushi nalipia, mchezo uwepo usiwepo, bwana mwandishi,” asema. “Sidai kuhurumiwa. Nataka tarehe ikitajwa iwe tarehe.”

Furaha anayo vilevile. Mbeya City, walioshuka 2023, walirejea msimu huo wa 2025/26, na jina lao peke yake ameliandika kwa chaki ya rangi. Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya ukawa na wenyeji wawili, wao na Tanzania Prisons. Wazee wa huku hawajawasahau Tukuyu Stars, waliochukua ubingwa 1986 mara tu baada ya kupanda daraja, nami kwa dhati ya moyo niliwaombea Mbeya City japo nusu ya bahati ile, maana mkoa wetu wa Songwe, tangu uzaliwe 2016, ulikuwa haujapeleka timu Ligi Kuu.

Hata hivyo Yanga, Simba, Azam na Singida Black Stars wote waliingia mashindano ya Afrika msimu huo, na safari za nje huzaa viporo. Kwa hiyo safu ameipanua, kwa rula. Ila swali lake lingali palepale, nami sikuwa na jawabu: nauli ya mtu wa Kilyamatundu ihesabiwe juu ya nani?