Sumu ya Jijini Isizikwe Mashambani Ukambani

Wako wanaodhani kuwa taka za elektroniki ni balaa la wakazi wa mijini, wala hazimhusu mkulima wa Kitui au Makueni. Dhana hiyo haina mashiko.

Ramani yatosha kutuzindua. Mto Nairobi hupita kando ya jaa la Dandora, kisha huungana na Mto Athi. Athi nao huteremka hadi Ukambani, ukawa mpaka baina ya Makueni na Kitui. Kandokando yake wakulima huvuta maji kwa pampu kunyweshea nyanya, vitunguu na sukuma wiki.

Huko jaani nyaya huchomwa ili ipatikane shaba. Moto huteketeza plastiki, lakini risasi na kadimi hubaki majivuni, na mvua ikinyesha huyakokota majivu hadi mtoni, yakachanganyika na uchafu wa viwanda na wa majumbani. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa Dandora. Takriban nusu yao walikuwa na risasi nyingi damuni.

Maji hupita, udongo hubaki. Risasi haiozi kama samadi. Hunata katika tabaka la juu la udongo kwa miongo mingi. Kadimi nayo hufyonzwa na mizizi ikapanda hadi kwenye majani tunayoyala. Mboga haibadiliki rangi wala ladha. Anayeumia zaidi ni mtoto, kwani risasi hudhuru ubongo unaokua, na mwalimu akadhani mwanafunzi wake ni mzito wa kuelewa.

Suala hili lina uzito zaidi kwa sababu ya bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 mahali Athi unapokutana na Mto Thwake. Limekusudiwa kuhifadhi maji mita za ujazo milioni 688, ya kunywa na ya kunyweshea mashamba. Mto unaopita huenda na sehemu ya uchafu wake, bwawa huutuamisha.

Tujifunze kwa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, lakini rufani ziliendelea hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2024. Haki iliyochelewa hivyo haimrudishii mtoto afya.

Kwa hivyo serikali za kaunti hizi mbili zipime maji na udongo wa kandokando ya Athi mara kwa mara, na matokeo yatangazwe kwa wakulima. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, inayomtwika mwagizaji wa bidhaa dhamana ya taka zake, itekelezwe kwa vitendo. Nazo shule zikusanye betri na taa za sola zilizoharibika badala ya kuzichoma nyuma ya madarasa. Hatuwezi kuwalaumu wa Dandora ilhali nasi tunawasha moto uo huo.