Kwa nini madini joto hutoroka kwenye chumvi yako

Mbeya/Iringa. Waulize wazee wa Nyanda za Juu Kusini kuhusu rovu, ule uvimbe wa shingoni. Zamani halikuwa jambo la ajabu huku.

Chanzo chake kikubwa ni upungufu wa madini joto, yaani iodini. Hazina ya iodini ipo baharini. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, hivyo mahindi, viazi na maharage ya huku huwa nayo kidogo.

Ndiyo maana miaka ya 1980 wilaya zilizoathirika zaidi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini, na miaka ya 1990 zikaja kanuni za kuiweka kwenye chumvi.

Sasa mbona chumvi hiyo ikiachwa wazi inapoteza nguvu? Jibu lipo kwenye elektroni.

Iko hivi: atomu ya iodini ina elektroni 53 kwenye mizingo mitano: 2, 8, 18, 18 na 7. Mzingo wa nje hutulia ukiwa na 8, kwa hiyo imepungukiwa moja tu. Ikiipata, inatoa nishati ya takriban kilojouli 295 kwa moli. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo atomu inavyoing'ang'ania elektroni ya ziada.

Klorini, ndugu yake aliyemo kwenye chumvi hiyohiyo, inatoa 349. Iodini ni kubwa zaidi, mzingo wake wa nje uko mbali na kiini, hivyo mshiko wake ni legelege.

Ulegevu huo una faida. Tezi ya shingoni huipokonya elektroni hiyo ya ziada, kisha huifunga iodini kwenye protini kutengeneza homoni zinazojenga ubongo wa mtoto, hata akiwa bado tumboni. Iodini ikikosekana, tezi hutanuka ikihangaika. Ndiyo rovu lenyewe.

Shida ni kwamba kwenye chumvi yenye unyevu, oksijeni ya hewani nayo hupokonya. Iodini iliyoachwa mikono mitupu huungana mbilimbili, hugeuka mvuke na kupotea. Chumvi inabaki nyeupe vilevile, kwa kuangalia tu hujui kitu.

Ndiyo maana viwandani hutumika potasiamu ayodeti, ambamo iodini tayari imefungamana na oksijeni, hivyo hudumu zaidi. Hata hiyo, unyevu, jua na moto huipunguza.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo gulioni, bila pakiti wala lebo, ndiyo ya kuhoji kwanza. Ya pakiti ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, na uitie mboga ikikaribia kuiva.