Taka za Nyumbani na Uhai wa Lami

Katika mitaa ya Dar es Salaam, kero ya barabara mbovu, kero ya madereva wasiofuata sheria na kero ya taka zinazokaa siku nyingi bila kuzolewa hupelekwa katika ofisi tatu tofauti, kana kwamba ni mambo matatu yasiyojuana. Ubovu wa barabara huulizwa kwa Wakala wa Barabara Tanzania, yaani TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000 kusimamia barabara kuu na za mikoa, au kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za wilaya na za mitaa. Madereva huachiwa askari wa usalama barabarani. Na taka huulizwa kwa manispaa na serikali ya mtaa. Mgawanyo huo una sababu zake za kisheria, lakini unaficha jambo ambalo kila mhandisi wa barabara analijua, nalo ni kwamba kero hizo zote tatu zinaunganishwa na maji, na mahali zinapokutana ni mtaro wa kando ya barabara.

Barabara ya lami si ule weusi unaoonekana juu peke yake. Tabaka la juu, ambalo ni mchanganyiko wa kokoto na lami, yaani ile gundi nyeusi inayotokana na mafuta ghafi, mara nyingi huwa na unene wa sentimita chache tu katika barabara za mitaa, na kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasipenye na kuwapa watumiaji uso laini wa kupita. Chini yake kuna tabaka la msingi, ambalo ni kokoto au changarawe iliyoshindiliwa, kisha tabaka jingine la udongo mgumu uliochaguliwa, na mwisho kabisa udongo wa asili, ambao ndio hasa unaobeba uzito wa magari. Jambo hili lilielezwa mapema karne ya 19 na John Loudon McAdam, mjenzi wa barabara kutoka Scotland, aliyesisitiza kwamba udongo wa asili ukihifadhiwa katika hali ya ukavu hubeba mzigo bila kuzama, na kwamba mawe yanayotandazwa juu yake huhitajika zaidi kama paa la kuukinga na mvua kuliko kama nguzo ya kubeba mzigo wenyewe. Miaka mia mbili imepita, mitambo imebadilika na magari yamekuwa mazito, lakini kanuni hiyo haijatenguka.

Maji yakifika chini ya lami, nguvu ya tabaka la msingi hupungua haraka, kwa sababu changarawe hubeba mzigo kwa kusuguana chembe kwa chembe, na maji yakijaa katikati ya chembe hizo huanza kuubeba mzigo yenyewe na kuziachanisha. Tairi linapokanyaga juu ya ufa wenye maji, maji hayo hubanwa na kusukumwa kwa nguvu kwenda pembeni na juu, yakitoka pamoja na vumbi laini lililokuwa likishikilia kokoto, na kila gari linalofuata hurudia kazi hiyohiyo mpaka chini ya lami pabaki pango dogo. Lami inayokaa juu ya pango hilo haina cha kuegemea, hivyo hupasuka vipande vipande, na asubuhi yake watu husema kwamba mvua imechimba shimo. Kwa kweli, mvua ilianza kazi hiyo wiki nyingi kabla, na malori yaliimalizia. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito wa ekseli moja ukizidishwa mara mbili, madhara yake huzidi mara 16. Kwa hiyo lori moja la mchanga linalopita juu ya msingi uliolowa huumiza barabara kuliko msururu mrefu wa magari madogo.

Kwa sababu hiyo, mhandisi anapochora barabara huanza kwa kuuliza maji yatakwenda wapi. Uso wa barabara huinuliwa katikati na kuteremshwa kidogo pande zote mbili, mteremko ambao mafundi huuita mgongo wa barabara na ambao kwa kawaida huwa wa asilimia 2.5, maana yake, katika njia moja yenye upana wa mita 3.5, ukingo huwa chini ya mstari wa katikati kwa karibu sentimita 9. Maji yakishuka ukingoni hupokelewa na mtaro, hupita kwenye makalavati yanayokatiza chini ya barabara, na kuendelea hadi kijitoni. Mtaro, basi, ni sehemu ya barabara kwa maana ileile ambayo lami ni sehemu ya barabara, na barabara ambayo mtaro wake umeziba haijakamilika, hata kama ilizinduliwa jana.

Uwezo wa mtaro hauendi sawa na kina kinachoonekana kwa macho. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi duniani kote, iliyotolewa na Robert Manning wa Ireland mwaka 1889, maji hupungua kasi kadiri yanavyokuwa na kina kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya maji hayo husuguana na sakafu na kuta. Kutokana na hayo, mtaro uliojaa mchanga nusu ya kina chake hauwezi kupitisha nusu ya maji. Hubaki na theluthi moja ya uwezo wake, au zaidi kidogo kutegemea umbo lake. Mkazi anayeutazama mtaro wa namna hiyo wakati wa kiangazi huona bado una nafasi ya kutosha, ilhali kwa hesabu ya mvua kubwa mtaro huo umekwisha kufa.

Lawama ya kuziba kwa mitaro hutupiwa chupa na mifuko ya plastiki, na lawama hiyo ni ya haki kwa nusu tu. Kinachojaza mitaro mingi ya Dar es Salaam kwa ujazo ni mchanga, unaoletwa na mvua kutoka mitaa isiyo na lami na unaosukumwa na fagio za asubuhi kutoka nyuani na mbele ya maduka. Plastiki, pamoja na viroba vilivyopasuka, nguo kuukuu na maganda ya madafu, hufanya kazi ya boma: hunasa kwenye mdomo wa kalavati, hupunguza kasi ya maji, na maji yaliyopungua kasi hutua mzigo wake wa mchanga papo hapo. Linalofuata ni vidaraja ambavyo kila mwenye nyumba au duka hujijengea juu ya mtaro ili apate pa kupita, mara nyingi kwa kuweka bomba jembamba lisilolingana hata kidogo na upana wa mtaro wenyewe. Bomba moja la namna hiyo huwaamulia jirani wote wa upande wa juu kiasi cha maji watakachoruhusiwa kuyaondoa. Juu ya hayo kuna tabia ya kutapisha vyoo, yaani kufungulia maji ya mashimo ya choo yaingie mtaroni wakati mvua inanyesha, tabia inayougeuza mtaro wa mvua kuwa njia ya kipindupindu. Haistahili kuitwa ujanja wa maskini, kwa sababu wanaoumia kwanza ni watoto wa nyumba ileile na ya jirani.

Lipo kosa moja ambalo si la wakazi, nalo ni zito. Mitaro husafishwa, vijana hushuka na majembe, mchanga mweusi hutolewa na kurundikwa ukingoni, kisha kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Lori la kuubeba huja baada ya wiki, au haliji, na mvua ya kwanza huurudisha mchanga wote mahali ulipotoka. Fedha za matengenezo ya barabara, ambazo kwa sehemu kubwa hutoka katika Mfuko wa Barabara unaotegemea tozo ya mafuta, hutumika hivyo kuhamisha mchanga mita moja kwenda na mita moja kurudi. Mkataba wa kusafisha mtaro usiotaja siku ya kuondoa mchanga na mahali utakapopelekwa ni mkataba mbaya, na mamlaka inayousaini inapaswa kuulizwa.

Upande wa taka, ugumu mkubwa uko katika mpangilio wa malipo na safari. Tangu miaka ya 1990, Dar es Salaam imekuwa ikiwakabidhi wakandarasi binafsi na vikundi vya kijamii sehemu kubwa ya kazi ya kuzoa taka, na wengi wao huishi kwa ada wanayokusanya nyumba hadi nyumba. Pale ambapo barabara inapitika na watu hulipa, gari huja. Pale ambapo njia ni nyembamba na mvua imeikata, gari haliji, watu hukataa kulipia huduma wasiyoiona, na mkandarasi naye hukosa fedha za kulileta gari. Ndani ya mzunguko huo nyumba isiyolipa haiachi kuzalisha taka. Hutafuta pa kuzipeleka, na usiku wa mvua mtaro uko karibu kuliko dampo. Dampo lenyewe liko Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, umbali unaolifanya gari moja libaki na safari chache kwa siku. Namna lilivyofika huko nako kuna fundisho: mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na harufu ya dampo lililokuwa mtaani mwao, nayo Mahakama Kuu ikawapa haki, na baadaye ilipokataa kuliongezea jiji muda iliihusisha kero hiyo na haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Dampo likahamia Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, na mwishowe safari ya taka ikarefuka.

Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani jijini humo ni mabaki ya vyakula na mimea, kama vile maganda ya ndizi na mihogo, majani ya mboga na mabaki ya wali. Hizo ndizo taka zenye uzito, kwa kuwa zimejaa maji, na ndizo zinazonuka na kumfanya mtu asiweze kungoja siku ya gari. Kuzitenga jikoni na kuzigeuza mboji, yaani mbolea inayotokana na kuoza kwa mimea, hupunguza mzigo wa gari kwa kiasi ambacho hakuna kampeni ya chupa inayoweza kukifikia, na kituo cha mboji kilichojengwa Mabwepande, manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg nchini Ujerumani, kimeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana hapohapo Dar es Salaam. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilileta nafuu inayoonekana, ingawa vifungashio vyepesi vya plastiki viligeuzwa baadaye na wafanyabiashara kuwa vibebeo, na kurudisha sehemu ya tatizo kwa mlango wa nyuma.

Sheria za udereva zinaingia katika habari hii kwa njia mbili. Kwanza, barabara yenye mashimo huwafundisha madereva kuvunja sheria: anayekwepa shimo huhama upande wake bila ishara, bodaboda inayomfuata humkwepa naye, na mwendo wa kilomita 50 kwa saa uliowekwa kisheria kwa maeneo ya makazi hukosa maana pale ambapo hatari haitokani na kasi bali na kutojulikana gari la mbele litaelekea wapi. Shimo lililojaa maji ni baya zaidi, kwa kuwa kina chake hakionekani. Pili, na hili halisemwi vya kutosha, baadhi ya sheria hizo zinailinda barabara yenyewe. Dereva wa daladala anayetanua, yaani anayeacha foleni na kupita kwenye bega la barabara, ambalo ni ile sehemu ya pembeni isiyo na lami au yenye lami nyepesi, hupitisha magurudumu juu ya ukingo ambao hauna msaada upande mmoja. Ukingo humeguka, bega huchimbika na kuwa chini ya lami, na maji yaliyotakiwa kuteremka hadi mtaroni hutuama hapohapo na kupenya kwa ubavuni, mahali ambapo lami haiwezi kuzuia kitu. Lori linaloegeshwa begani usiku kucha na kudondosha dizeli hufanya madhara ya aina nyingine, kwa kuwa dizeli huiyeyusha lami. Moto wa taka unaowashwa ukingoni huichoma gundi hiyo na kuacha kokoto zikiwa zimelegea. Faini ya kutanua, kwa hiyo, ingeeleweka vizuri zaidi kama watu wangeelezwa kwamba ukingo uliomeguka hutengenezwa kwa tozo wanayolipa wao wenyewe kila wanapojaza mafuta.

Tangu Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi imetengwa kwa kazi hiyo nchini Tanzania, na moyo wa watu wanaojitokeza na fagio zao unastahili heshima ya kupewa gari. Wakala wa barabara na manispaa wakikubaliana kwamba mtaro unaosafishwa Jumamosi unapitiwa na lori jioni ileile, na kwamba taka na mchanga vibebwe katika safari moja bila kujali ni vya ofisi ipi, fagio hizo zitakuwa zimefanya matengenezo halisi ya barabara. Muda wenyewe ni mfupi: masika huanza Machi, hivyo Jumamosi za mwisho wa Januari na Februari ndizo zenye uzito kuliko nyingine zote za mwaka, na kwa vuli inayoanza Oktoba ni zile za Agosti na Septemba. Mahali pa kuanzia ni midomo ya makalavati na vidaraja vyenye mabomba membamba, kuanzia upande wa chini wa mtaa kuelekea juu, kwa sababu mtaro uliosafishwa juu na kuachwa umeziba chini hupeleka mafuriko kwa jirani wa mwisho haraka zaidi kuliko awali.