Duka la vyakula vya afya: nini kinastahili fedha yako?

Juzi kliniki, mama mmoja mwenye kisukari alinitolea kwenye mfuko sukari ya kahawia, asali na biskuti zilizoandikwa "hazina sukari". "Daktari, nimejitahidi," akaniambia. Kumbe dawa za wiki ile hakununua, fedha ziliishia dukani.

Msomaji wangu, sukari ya kahawia ni sukari. Asali nayo hupandisha sukari mwilini, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 usimlambishe kabisa: inaweza kuwa na vimelea vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli hadi ashindwe kupumua. Biskuti zile ni za ngano iliyokobolewa, na wanga wake hugeuka sukari vilevile. Geuza pakiti usome nyuma, maana mbele ni matangazo. Gramu 4 za sukari ni kama kijiko 1 cha chai.

Sikatai, hata mimi huingia maduka hayo. Hutoka na ufuta, mbegu za maboga na ulezi usiokobolewa, wenye kalsiamu nyingi kuliko mahindi au mchele. Lakini kwanza nauliza bei kwa muuza nafaka sokoni. Mara nyingi ulezi ni uleule, tofauti ni pakiti. Karanga nanunua nzima, nachambua mwenyewe. Zilizosinyaa au zenye ukungu natupa, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Ndiyo maana unga wa lishe uliokwisha kusagwa na karanga siununui.

Mama yule tumekubaliana: dawa kwanza, halafu dengu na mchicha. Atarudi baada ya wiki 2 tupime.